Fardhi ya Nusu Saa

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu cha mwanzo cha Ihya Ulum al-Din lalamiko ambalo halijapoa hata leo: kwamba ilimu ya tiba ni fardhi kifaya, yaani mzigo uliotwikwa umma mzima mpaka apatikane wa kuutua, na kwamba pamoja na hayo iko miji isiyokuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali wanafunzi wanasongamana katika fikihi na mabishano yake, mlango ambao wenye kuusimamia wamekwisha kuwa tele. Akaitaja na sababu bila ya kuwaonea haya wenziwe: tiba haimfikishi mtu kwenye usimamizi wa wakfu na wasia, wala kwenye mali ya mayatima, wala kwenye kiti cha ukadhi.

Imamu alikuwa akisema juu ya tabibu, mtu aliyetumia miaka ya umri wake katika kusoma. Muradi wangu mimi ni kipande kidogo cha tiba ambacho katika zama zetu kimetoka mikononi mwa matabibu kikakabidhiwa kila mtu: kukandamiza kifua cha aliyeanguka na moyo wake umesimama, na kumpulizia pumzi aliyetolewa majini hapumui. Nataka kuuliza kipande hiki ni juu ya nani, na kama mtu aliyesimama juu ya mwenzake anayekata roho, kisha akarejea nyumbani akasema kwamba hakujua la kufanya, udhuru wake ni wa kupokewa.

Yafaa kwanza ijulikane kazi yenyewe ni ipi, maana wengi wameiona katika filamu za hadithi tu, na huko aghalabu huonyeshwa vibaya. Moyo unaposimama ghafula, damu huacha kwenda kwenye ubongo, na ubongo hauwezi kustahimili ukosefu huo ila kwa dakika chache, nne au sita hivi, kabla ya kuanza kuharibika. Kwa mtu ambaye moyo wake umeingia katika mtetemo usiosukuma damu, kila dakika inayopita bila ya kukandamizwa kifua humpunguzia matumaini ya kupona kwa kadiri ya sehemu 7 mpaka 10 katika mia. Gari la wagonjwa, hata katika miji mikubwa yenye barabara nzuri, ni nadra kufika ndani ya muda huo. Seuze kwetu, ambako mara nyingi gari lenyewe ni teksi au bajaji ya jirani. Basi dakika hizo ni za aliye karibu, hazina mwingine. Anachotakiwa kufanya si kingi: kumwita aliyeanguka na kumtikisa mabega, akiwa haitiki na hapumui kama kawaida, kuomba msaada kwa sauti na kwa simu, kisha kuweka kiganja katikati ya kifua, na kiganja cha pili juu yake, na kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 mpaka 6 kwa mtu mzima, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, akikiachia kifua kirudi kila mara kabla ya kukandamiza tena. Kukoroma na kutweta kwa nadra, ambako huonekana katika dakika za mwanzo, si kupumua, na kudhani kuwa ni kupumua ni katika makosa yanayozuia msaada mara nyingi. Ama aliyezama, na vilevile mtoto mdogo, hao huhitaji kupuliziwa pumzi zaidi ya wengine, kwani kwao aghalabu pumzi ndiyo iliyotangulia kukatika na moyo ukafuata.

Kwamba mikono mitupu yaweza kufanya hayo kulidhihirika mwaka 1960, pale William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, pamoja na wenzake James Jude na Guy Knickerbocker, walipotangaza kwamba damu yaweza kuendeshwa kwa kuukandamiza mfupa wa kifua bila ya kumpasua mtu, na kwamba kazi hiyo yeyote aweza kuifanya, mahali popote. Miaka michache kabla yake James Elam na Peter Safar walikuwa wamethibitisha kuwa pumzi ya mtu, hata baada ya yeye mwenyewe kuitumia, bado ina hewa ya kutosha kumhuisha mwingine. Na jambo hili la pili ni la kale kuliko sayansi, kwani msomaji wa Biblia atamkumbuka nabii Elisha katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, jinsi alivyojilaza juu ya mtoto wa mwanamke Mshunami, kinywa kwa kinywa, mpaka mwili wa mtoto ukaingia joto. Mwaka huohuo wa 1960, Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto katika mji wa Stavanger, Norwei, ambaye mwanawe mwenyewe alinusurika kufa maji, alitoa sanamu ya mtu ya kufanyia mazoezi, akaipa uso ulioigwa kutoka kinyago cha msichana ambaye, kwa masimulizi ya watu wa Paris, aliopolewa katika mto Seine amekwisha kufa, asijulikane jina wala kwao. Ikiwa masimulizi hayo ni kweli, basi maiti aliyekosa hata wa kumlilia amekuwa uso ambao mamilioni ya watu wameuinamia ili wajifunze kuokoa wengine, na mimi sijui sadaka iliyokwenda mbali kuliko hiyo.

Kwa muda mrefu ufundi huu ulifundishwa darasani, saa nne mbele ya mwalimu, na watu wengi hawakwenda. Mwishoni mwa karne ya ishirini watafiti wa Marekani, miongoni mwao Allan Braslow na Robert Brennan, wakajaribu njia nyingine: filamu ya dakika 34 pamoja na sanamu ya bei nafuu, mwanafunzi akiwa peke yake, akikifanya kwa mikono kila anachokiona kwa macho wakati uleule anapokiona. Knox Todd na wenzake waliipima njia hii kwa kuwagawa watu kwa bahati nasibu, hawa waende darasani na hawa wapewe filamu; kwanza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, kisha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, kwa waumini wa kanisa moja la Wamarekani weusi. Mara zote mbili waliofundishwa na filamu waliwapita waliokwenda darasani. Katika wale wanafunzi wa udaktari waliopitia darasani, kiasi cha wawili katika kila watano walihukumiwa kuwa hawajaiweza kazi, na wapimaji hawakuwa wakijua nani amefundishwa kwa njia gani. Katika wenzao waliofundishwa na filamu, walioshindwa hawakufika mmoja katika watano. Si vigumu kuona kwa nini. Darasani mwalimu husema sana, na zamu ya sanamu humfikia kila mtu kwa dakika chache. Mbele ya filamu mikono ya mwanafunzi inafanya kazi tangu mwanzo mpaka mwisho, wala hana mwenzake wa kujificha nyuma yake.

Nchi ya Denmark ilikwenda mbali zaidi. Wanafunzi wapatao 35,000, wa miaka 12 mpaka 14, walipewa sanamu ndogo za kujazwa upepo pamoja na filamu, wakaambiwa waende nazo majumbani wakawafundishe wazazi na jamaa zao, na ikakadiriwa kwamba kila mtoto alifundisha kwa wastani watu wawili na nusu. Somo hilo likafanywa la lazima katika shule, na kwa wanaotaka leseni ya kuendesha gari pia. Mwaka 2001, katika watu mia walioangukiwa na msiba huu nje ya hospitali, 21 hivi walikandamizwa kifua na waliokuwapo kabla ya wauguzi kufika. Mwaka 2010 walikuwa wamefika 45 hivi, na waliokuwa hai baada ya siku 30 walipanda kutoka chini ya 4 katika mia mpaka karibu 11. Sidai kwamba filamu peke yake ndiyo iliyoyaleta hayo, kwani matibabu mengine nayo yaliendelea. Nasema tu kwamba taifa zima liliamua kuwa jambo hili ni la kila mtu.

Hapa ndipo linapokuja swali ambalo kwetu ni zito kuliko lilivyo kwao. Katika pwani yetu ilimu ina isnadi: mtoto hukaa mbele ya mwalimu chuoni, mwanachuoni hupokea ijaza kwa sheikh aliyeipokea kwa sheikh mwingine, na wazee wetu hawakumwamini aliyejisomea kurasa peke yake, wakisema kwamba asiye na sheikh, sheikh wake ni shetani. Naiheshimu hadhari hiyo, na sababu yake ni bora, kwa kuwa kitabu hakina mkono wa kumzuia mwanafunzi anapopotoka. Walakini ilimu si ya namna moja. Sala yenyewe, iliyo nguzo ya dini, hakuna mtoto aliyejifunza kurukuu kwake kwa kusomewa maelezo. Alisimama nyuma ya baba yake au kando ya mama yake, akainama alipoona wanainama, akasujudu alipoona wanasujudu, na baadaye, alipokuwa amekwisha kuizoea, ndipo akafundishwa sharti na nguzo zake. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwaagiza maswahaba wasali kwa namna waliyomwona yeye akisali. Ujuzi wa viungo hupita machoni ukaingia mikononi, na filamu hii, madhali inamtaka mwanafunzi afanye wakati anapoona, imerudia njia kongwe ya malezi kuliko darasa la maneno lilivyofanya.

Mwalimu naye hakuondoka. Yumo mlemle katika picha, uso wake na sauti yake, ila anawafundisha maelfu ambao hatawaona. Kinachopungua ni jicho lake la kusahihisha, na upungufu huu sitaki kuufanya mdogo, ingawa baadhi ya sanamu zimetengenezwa hata kifua chake kikikandamizwa kwa kina kinachotakiwa husikika mlio, nao humwonya mwanafunzi kidogo. Kwa upande wa pili, ujuzi wa namna hii hufifia katika miezi michache tu, uwe umetoka kwa mwalimu au kwa filamu, na mwalimu aliyekwisha kurudi mjini haitwi tena kila mwezi, ilhali filamu yaweza kutazamwa upya jioni yoyote. Penye mwalimu, basi, mwalimu ni bora aendewe. Lakini vijiji na visiwa ambavyo mwalimu hatavifikia katika uhai wa wanaoishi humo ni vingi mno, na kuvinyima filamu kwa kumngojea yeye ni kuvihukumu vibaki katika ujinga kwa jina la adabu ya ilimu.

Najua kiko kizuizi kingine, kikubwa zaidi, ambacho hakisemwi darasani lakini husemwa matangani. Mtu ameanguka, watu wamemzunguka, na mmoja anasema kwa sauti ya upole kwamba siku yake imefika. Mimi ni katika wanaoamini kwamba ajali ya mtu haisogezwi mbele wala hairudishwi nyuma. Imani hiyo ni juu ya ujuzi wa Mwenyezi Mungu, wala si juu ya ujuzi wa waliosimama pale. Aliyesema kwamba siku imefika amejitia kusoma daftari asiloonyeshwa. Khalifa Umar bin al-Khattab, alipopata habari ya tauni njiani kuelekea Sham, akaazimu kurudi Madina, aliulizwa na Abu Ubaida kama anaikimbia kadari ya Mungu, akajibu kwamba naam, anakimbia kutoka kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji aliyeshuka na ngamia wake katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ambaye popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Mikono inayokandamiza kifua nayo imo katika kadari, kama ulivyokuwamo ugonjwa.

Na liko jambo ambalo wazee wetu hawakupata kulijua, wala hawalaumiwi. Wao waliona moyo kusimama na roho kutoka ni kitu kimoja. Leo tunajua kwamba baina ya mawili hayo iko nafasi, finyu sana, ambamo mwili haujaaga bado. Nafasi hiyo haikuundwa na madaktari wa Baltimore. Imo katika umbile la mwanadamu tangu Adamu. Aliyemuumba mtu akamwekea muda huo, na akawapa walio kando yake mikono ya kuutumia, hakufanya hivyo bure. Anayekandamiza kifua ndani ya muda huo hafufui maiti, daraja ambayo Elisha na Issa bin Mariamu waliipewa kwa idhini ya Mola wao na sisi hatuidai. Anamshika aliye hai ambaye bado hajaondoka.

Nirejee basi kwenye hukumu. Fardhi kifaya, wanavyoieleza wanavyuoni, mmoja akiisimamia huwaondokea wengine, na wote wakiiacha wote huwa na dhambi. Na pale asipopatikana ila mtu mmoja mwenye kuiweza, kwake yeye hugeuka kuwa fardhi aini, kama sala na saumu. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, alisema kwamba kumwokoa anayezama hutangulizwa mbele ya sala iliyofika wakati wake, kwa kuwa sala yaweza kulipwa na roho iliyopotea hailipiki. Mayahudi nao wanaitengua Sabato kwa ajili ya kuokoa roho, na kwa Wakristo wenzetu yatosha kumtazama Msamaria wa Injili ya Luka, ambaye hakuwa tabibu, alimtendea aliyejeruhiwa kwa mafuta na divai aliyokuwa nayo safarini. Dini zote hizi zimekubaliana juu ya anayeweza. Kilichobadilika katika zama zetu ni kipimo cha kuweza.

Ilipokuwa ufundi huu unapatikana kwa saa nne za darasa, mjini, kwa ada na nauli, mkulima wa shamba na mvuvi wa kisiwani walikuwa na udhuru ulio wazi. Lakini wanavyuoni wametenga ujinga wa aina mbili: ujinga wa aliyekosa njia ya kujua, na ujinga wa aliyekuwa na njia akaipuuza, na huu wa pili wameuita taksiri. Mtu mwenye simu ya mkononi, anayetazama mpira wa nchi za mbali usiku hadi usiku, na ambaye aweza kupata filamu ya nusu saa na mto mgumu wa kufanyia mazoezi pale sanamu inapokosekana, amekaribia mpaka wa taksiri, na mimi naogopa kwamba wengi wetu tumekwisha kuuvuka.

Iko nafsi ambayo haitaki kujua kwa sababu inajua kwamba kujua kutaidai. Mtu hujisemea ndani kwa ndani: nikijifunza, siku mtu atakapoanguka mbele yangu macho yote yatanielekea mimi, na nisipofanya nitalaumiwa, na nikifanya akafa nitalaumiwa zaidi, heri nibaki miongoni mwa wanaotazama. Fikira hii si ya watu waovu. Nimeisikia kwa watu wema, wacha Mungu, na naielewa, kwa kuwa ujuzi ni amana na amana inaelemea. Lakini tuitazame inavyodai: inadai kwamba mtu aweza kujipunguzia wajibu kwa kujipofusha, kana kwamba Mola atamwuliza juu ya aliyoyajua tu, asimwulize juu ya mlango alioufunga kwa mkono wake ili asijue. Kurani, katika aya ya 32 ya sura ya Al-Maida, imemfananisha aliyehuisha nafsi moja na aliyewahuisha watu wote. Jambo lililopewa cheo kikubwa namna hiyo halikupasa kukimbiwa kwa kuhofia maneno ya watu.

Hofu ya kushindwa yenyewe yatakiwa kusemwa wazi kwa kila anayejifunza, asidanganywe. Hata katika Denmark ya mwaka 2010, katika kila kumi, tisa hivi hawakuishi. Atakayekandamiza kifua kwa usahihi na kwa moyo wote aghalabu atamwona mtu wake amekufa. Alichotakiwa ni kitendo, matokeo hayakuwa yake, na walimu wa dini wana kazi ya kumliwaza mtu wa namna hiyo, asije akabeba maisha yake yote dhana kwamba yeye ndiye aliyeua.

Haya nayo ina madhara yake. Katika Marekani ilionekana kwamba wanaume walioangukia hadharani, 45 katika mia walisaidiwa na waliokuwapo, na wanawake 39 tu, ikadhaniwa kwamba watu wanaogopa kukigusa kifua cha mwanamke. Ikiwa ni hivyo huko, kwetu wenye sitara na mipaka ya mahramu yamkini ni zaidi. Kanuni ya sharia hapa haina utata: dharura huhalalisha lililokatazwa, kwa kadiri ya dharura yenyewe. Mwanamke akianguka na yuko mwanamke ajuaye, na afanye yeye. Asipokuwapo, mwanamume asimwache afe kwa kumstahi. Na hii ni sababu kubwa ya kuwafundisha wanawake wetu kwanza, ambao kwa filamu waweza kujifunza majumbani mwao, mama na binti zake na jirani zake, bila ya kuhitaji ruhusa ya kwenda darasani wala kuona haya mbele ya mwalimu mgeni.

Wapo wasiokuwa na simu wala umeme, na hao siwatii katika hesabu. Taksiri yao, kama ipo, ni yetu sisi tulio navyo. Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nawaelekezea wenye mamlaka juu ya mikusanyiko: maimamu na kamati za misikiti, mapadri na wazee wa makanisa, walimu wakuu wa shule na madrasa, viongozi wa wavuvi katika madiko yetu. Kanisa lile la Marekani halikuwa hospitali, nalo lilitoa watu walioiweza kazi. Tafuteni filamu iliyotengenezwa na wenye ilimu ya jambo hili, mwombeni mganga au muuguzi wa karibu aithibitishe, muifasirie kwa Kiswahili ikiwa haina, mnunue sanamu chache kwa mfuko wa jumuiya, na baada ya sala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili wazuieni watu nusu saa. Kisha rudieni baada ya miezi sita, kwa kuwa watakuwa wameanza kusahau.